Ukoo wetu "una damu nyingi": yaliyomkuta mdogo wangu siku ya tisa baada ya kujifungua

DadaMkubwa (mleta uzi)

Heshima kwenu wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu maana ni mambo ya ndani ya familia, ila mdogo wangu mwenyewe juzi kaniambia dada andika tu, kuna mtu atasoma. Kwa hiyo naandika kwa ruhusa yake. Utakuwa mrefu, nivumilieni.

Kwetu tumezaliwa wasichana watatu na kaka mmoja. Toka nakua nasikia wanawake wa kwetu wakisema "sisi ukoo wetu una damu nyingi". Mama alikuwa anasema hivyo akifua mashuka. Bibi mzaa mama sikumkuta, alifariki kwenye uzazi wake wa tano, tukiuliza alikufa na nini tunaambiwa ni uzazi tu, alimwaga damu, si unajua tena ukoo wetu una damu nyingi. Yaani ilikuwa inasemwa kama vile watu wengine wanavyosema sisi kwetu warefu, sisi kwetu tunawahi mvi. Imekwisha hapo, hakuna swali la pili.

Mdogo wangu huyu wa mwisho ndo ilimzidi. Alivunja ungo yuko darasa la sita, siku zake zinakwenda nane hadi kumi, anavaa pedi mbili kwa pamoja na kitambaa juu, usiku anaamka mara mbili tatu kubadilisha, shuleni sweta kafunga kiunoni hata jua likiwaka. Fizi zikitoka damu akipiga mswaki tunamwambia nunua mswaki laini. Akigonga kona ya meza anavilia damu wiki mbili. Form two aling'olewa jino asubuhi, kesho yake jioni pamba bado inalowa, mama akampa maji ya chumvi asukutue, akalala na beseni pembeni ya kitanda. Na siyo kwamba hospitali tulikuwa hatuendi, tulikwenda, wanampima HB (wingi wa damu) wanakuta 8, wanampa vidonge vya kuongeza damu, inapanda, miezi miwili imeshuka tena. Kila mtu anahangaika na damu iliyopungua, hakuna aliyejiuliza inakwenda wapi.

2019 akashika mimba. Kliniki alihudhuria zote, kadi yake ninayo mpaka leo. Imejazwa presha, uzito, kimo cha mimba, VVU, kaswende, malaria, mkojo. Swali la "ukijikata damu inakata upesi?" hakuulizwa na sisi hatukusema, ungesemaje kitu ambacho unakijua kama desturi ya ukoo.

Alijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo. Alichanika akashonwa, pale aliposhonwa pakawa panavuja vuja mpaka kesho yake, akaambiwa kawaida. Akaruhusiwa. Nyumbani damu ikawa haiishi lakini haikuwa ya kutisha, pedi nne tano kwa siku, nyekundu ile ile, haikugeuka kuwa ya kahawia kama yangu mimi ilivyokuwa nilipojifungua. Nililiona hilo na nikanyamaza.

Siku ya tisa usiku ikaja kama bomba limefunguliwa. Mabonge, kanga mbili, shuka, godoro. Mama akasema mwacheni itoke, hiyo ni damu chafu ya uzazi, ikibaki tumboni ndo inaleta maradhi. Na mimi, na hili ndo linaniuma, nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumkanda. Tulikuwa tunamkanda wakati anaisha. Mpaka aliposema dada masikio yanalia, sioni vizuri, midomo imekuwa myeupe, ndo shemeji akatoka mbio kutafuta bajaji.

Hospitali (sitaitaja, ni mkoani Morogoro) wakasema kipande cha kondo kimebaki. Ultrasaundi ikaonyesha kizazi kisafi. Wakamsafisha hata hivyo, wakamchoma sindano za kukaza kizazi, wakaweka vidonge, antibayotiki, akaongezewa damu maana HB ilikuwa 4.9. Damu ikapungua nusu siku ikarudi. Chupa ya pili. Ya tatu. Siku ya pili wakaanza kuzungumza habari ya kutoa kizazi, binti wa miaka 23 ana mtoto mmoja.

Usiku wa tatu akaingia zamuni nesi mmoja mtu mzima. Akakaa kitandani kwa mdogo wangu, akamshika mkono, akamuuliza hivi: "Mwanangu, ulishawahi kung'olewa jino? Ilikuwaje?"

Akamwambia. Akauliza na siku zako? Akamwambia. Akanigeukia mimi, na mama yenu akijifungua ilikuwaje? Nikamwambia mama kila uzazi ni mashuka, na bibi alifia hapo hapo. Yule mama akanyanyuka hakusema kitu akaenda kumpigia daktari. Baada ya muda akarudi na dawa inaitwa traneksamiki, ikaingia taratibu kwenye mshipa, baadaye ikarudiwa, halafu akaendelea na ya vidonge. Kesho yake mchana pedi ilikaa masaa matano.

Baadaye rufaa ya Muhimbili, kliniki ya magonjwa ya damu. Mdogo wangu ana ugonjwa unaitwa von Willebrand. Mama anao. Mimi ninao kidogo. Ukoo wetu hauna damu nyingi. Ukoo wetu damu yake inachelewa kuganda.

Ntaendelea hapo chini na maelezo tuliyopewa, ngoja nimnyonyeshe mtoto.

Mti Mkavu

Nimesoma nimesisimka. Pole sana dada, mwambie na mdogo wako pole. Nasubiri muendelezo.

Baba Pacha

Mkuu umenikumbusha mbali. Mke wangu 2016 wakati wa mapacha alimwaga damu tukakimbizana kutafuta watu wa kuchangia saa nane usiku. Sasa naomba kuuliza, kwa nini siku ya tisa? Mi nilidhani hatari ni siku ile ile tu.

DadaMkubwa

@Baba Pacha hilo swali ndo nililomuuliza daktari, na alinieleza vizuri mpaka nikamuelewa, naandika kwa maneno yangu.

Mtoto akitoka, kondo likibanduka, pale lilipokuwa limeshika panabaki kama kidonda kikubwa chenye mishipa wazi. Mwisho wa mimba kizazi kinapitisha damu zaidi ya nusu lita kila dakika. Kwa hiyo Mungu kaweka ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni nyama ya kizazi yenyewe, nyuzi zake zimepishana pishana, zikikaza zinaminya ile mishipa kama unavyokamua nguo. Ndo maana nesi anakupapasa tumbo baada ya kujifungua, anatafuta kama kizazi kimekuwa kigumu kama mpira. Wa pili ni damu kuganda, inaziba midomo ya mishipa na pale ulipochanika.

Sasa mtu mwenye von Willebrand kizazi kikikaza vizuri anaweza kuvuka siku ya kwanza bila shida kubwa. Na kuna jambo lingine: mimba yenyewe inapandisha protini za kugandisha damu, pamoja na ile ambayo mwenye von Willebrand anapungukiwa. Mwili unajiandaa. Kwa hiyo hata yule ambaye kawaida yake iko chini, akifika miezi tisa inaweza kuwa imepanda mpaka inaonekana sawa na ya watu wengine. Akishajifungua inaanza kushuka, ndani ya wiki moja mpaka tatu inarudi kule kule chini ilikotoka, na wakati huo kizazi bado hakijapona. Siku ya tisa ya mdogo wangu ilikuwa ndo hapo, ngao imeshuka na kidonda kipo.

Na ndo maana Muhimbili walimpima mara ya kwanza wakasema turudi baadaye, kipimo kikichukuliwa mapema kinadanganya. Tulirudi mtoto ana miezi minne ndo majibu yakanyooka.

Hiyo protini anayopungukiwa inaitwa kwa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, mwaka 1926 aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland, watoto kibao wanatokwa damu. Binti wa familia hiyo ambaye daktari alianza naye alikufa ana miaka 13, kwenye hedhi yake ya nne. Niliposoma hapo nikamkumbuka mdogo wangu na sweta lake kiunoni nikafunga simu.

Mwana wa Ukweli

Dada mi nakuheshimu lakini hayo mambo ya protini ni ya wazungu. Bibi kafa uzazi, mama damu, wewe damu, mdogo wako damu. Hapo kuna mkono wa mtu. Angalieni na upande wa pili.

DadaMkubwa

@Mwana wa Ukweli sikukatalii kwa ubishi ndugu yangu, hata kwetu maneno hayo yalisemwa na kuna hela zilitumika. Ila fikiria, kitu kikipita kwa bibi kikaja kwa mama kikaja kwa watoto hiyo ndo tabia ya kitu cha kurithi, kama pua. Mzazi akiwa nao kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata, awe wa kike awe wa kiume. Kaka yetu hana. Sisi wanawake ndo unatuonekana zaidi maana kila mwezi tunapimwa na maumbile yenyewe, halafu tunazaa. Mwanaume anaweza kuwa nao akazeeka asijue mpaka siku aking'oa jino.

Zamu ya Usiku

Habari wanajamvi. Mimi ni nesi mkunga, niko leba mwaka wa 14 sasa. Siyo yule wa kwenye uzi ila nimempenda bure. Naomba niongeze vitu maana naona watu wataondoka wakidhani kila anayemwaga damu ana ugonjwa wa kurithi.

Tunaowapokea wengi, kama saba katika kumi, tatizo ni kizazi kulegea. Kimechoka kwa uchungu mrefu, au kilikuwa kimetanuka sana, mapacha, mtoto mkubwa, maji mengi, au kibofu kimejaa mkojo kinazuia kisikaze (jamani mama mzazi mkojoe, usione aibu). Wengine wamechanika, wengine kipande cha kondo kimebaki. Damu kutoganda ndo wachache zaidi, lakini ndo kundi linalotusumbua kwa sababu unafanya kila kitu sawa na damu inakuja tu.

Na kuna kitu watu hawakijui: hata mwenye damu nzima kabisa anaweza kufika mahali damu yake ikaacha kuganda, hapo hapo kitandani. Damu ikitoka nyingi inaondoka na vigandishi vyake. Wewe unamrudishia maji ya dripu, maji hayana kigandishi hata kimoja, na ya baridi juu yake, mama anatetemeka, damu inazidi kuwa nyepesi. Inakuja kama maji ya karafuu, haina bonge. Ndugu wakiona mabonge wanaogopa, na ni kweli bonge la ukubwa wa yai kuja juu ni hatari, lakini mimi nikiona damu inatiririka haifanyi bonge lolote kwenye beseni ndo nywele zinanisimama.

Hiyo hali inakuja haraka zaidi kwa mama ambaye kondo lilibanduka kabla ya wakati, mtoto amefia tumboni kakaa muda, kifafa cha mimba kikali, au maambukizi yameingia kwenye damu. Huko mwili unakuwa umetumia vigandishi vyote kwa fujo ndani ya mishipa, ukivihitaji havipo.

Sasa mtasema wilayani maabara ya kupima kuganda hamna. Kuna kipimo cha zamani hakihitaji umeme. Unachukua damu ya mshipa mililita 2, unaweka kwenye chupa ndogo ya kioo, safi, kavu, haina dawa ndani. Unaifumbata kwenye kiganja ipate joto la mwili. Dakika nne, unainamisha taratibu uone kama inaanza kuganda. Halafu kila dakika unainamisha tena. Ikifika dakika saba bado inacheza, au imeganda bonge laini linalomong'onyoka, ujue hapo siyo kizazi peke yake, damu haigandi, itisha plazma (maji ya damu yenye vigandishi) na damu na gari. Nimeishika hiyo chupa mkononi mara nyingi huku mkono mwingine umekandamiza kizazi. Dakika saba ni ndefu wapendwa.

Ila niwe mkweli, hicho kipimo hakikamati von Willebrand ya kawaida. Ile inakamatwa kwa lile swali la jino.

Kijana wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi mjomba wangu upande wa mama alikuwa na hemofilia, ule ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu kutoganda, alifariki tukiwa wadogo. Dadangu ana mimba ya miezi mitano na ameambiwa kwa vile yeye ni mwanamke haimhusu. Ni ukweli?

Zamu ya Usiku

@Kijana wa Nakuru si kweli. Hemofilia inaumiza zaidi wanaume lakini mwanamke anayeibeba anaweza kuwa na kiwango cha chini naye akatokwa damu. Zipo aina mbili kubwa. Ile ya kigandishi namba 8, mimba inakipandisha, inampa nafuu mpaka anajifungua halafu kinashuka baadaye kama alivyoeleza mleta uzi. Ile ya namba 9 mimba haikipandishi kwa maana, huyo anaweza kupata shida tangu siku ya kujifungua. Kwa hiyo lazima apimwe na daktari ajue ni ipi. Na mtoto akiwa wa kiume wakunga wajue mapema, asivutwe kwa vakyumu (kifaa cha kumvuta mtoto kichwa), asichomwe chomwe sindano za kwenye msuli bila mpango, na damu ya kitovu ichukuliwe ikapimwe.

DadaMkubwa

Naongezea hapo kwa mtoto. Mdogo wangu alizaa tena 2022, mtoto wa kiume. Kwetu wanatahiriwa wadogo, wiki ya kwanza ya pili. Daktari alituambia hapana, mpaka apimwe. Babu yake upande wa baba hakufurahi, ilibidi shemeji aende akae naye chini amweleze. Tulisubiri. Majibu yakaja mtoto anao kama mama yake, kwa hiyo tohara ilifanyiwa hospitali kubwa kwa dawa na mpango, alipona vizuri. Najiuliza ni watoto wangapi walitokwa damu jandoni ikasemwa wamevunja mwiko.

Bi Mwanaidi Pwani

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nimezalisha na kuwakanda wazazi miaka mingi. Neno la damu chafu ni la wazee wetu na si baya, baada ya uzazi lazima tumbo lijisafishe. Mbona mnawatisha mabinti wa watu.

Zamu ya Usiku

Shikamoo bibi. Hujakosea kwamba damu ya uzazi lazima itoke, inatoka wiki kadhaa, inaanza nyekundu inakuja ya kahawia inaishia nyeupe nyeupe. Shida bibi ni kujua ile inayotoka kwa haki yake na ile inayotoka na roho ya mtu. Pedi kubwa ikilowa yote ndani ya saa moja au chini yake, siyo damu chafu hiyo, ni damu yake ya kuishi. Ilikuwa imeshapungua imegeuka rangi halafu ghafla ikarudi nyekundu nyingi, siyo yenyewe. Mama anasema kiu, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, jasho la baridi, anahema juu juu, bibi usimkande, mtoe. Kumkanda mtamkanda akirudi.

Na naomba nyinyi wakubwa wetu mtusaidie na zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Zinakaza kizazi bila kipimo, nimeona kizazi kimepasuka. Nasema kwa heshima.

Bi Mwanaidi Pwani

Marahaba mwanangu. Hilo la saa moja na pedi nimelishika. Ntawaambia wenzangu.

Baba Pacha

Hii traneksamiki ni dawa mpya? Mbona mke wangu 2016 hakupewa.

Zamu ya Usiku

Ya zamani sana mkuu. Iligunduliwa Japani, daktari mwanamke anaitwa Utako Okamoto na mume wake, waliitangaza 1962. Haifanyi damu igande, inazuia bonge lililokwisha kuganda lisiyeyushwe mapema. Alitamani muda wote ijaribiwe kwa wazazi wanaotokwa damu. Jaribio kubwa likaja kufanywa, wanawake zaidi ya 20,000 kwenye nchi 21, majibu yakatoka 2017: ikitolewa ndani ya masaa matatu tangu mama ajifungue, vifo vya kutokwa damu vinapungua karibu theluthi. Kila robo saa unayochelewa nguvu yake inapungua. Yeye mwenyewe alifariki 2016, mwaka mmoja kabla, hakuyaona majibu. Kwa hiyo mkeo 2016 haikuwa bado imeingia kwenye miongozo kama sasa.

Na sasa tiba zote tunazitoa kama fungu pamoja, hatusubiri moja ishindwe ndo tuje nyingine. Kuna utafiti ulifanyika kwetu Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80, ulitoka 2023. Mama akijifungua anawekewa chini plastiki yenye mistari ya vipimo, damu inaingia humo unaiona imefika ngapi, maana kwa macho tunakadiria pungufu, shuka limelowa unasema mililita mia tatu kumbe ni lita. Ikifika kiwango unafanya vyote: kukanda kizazi, sindano ya kukikaza, traneksamiki, dripu, unamkagua kama kachanika, na hali ikizidi unaita wakubwa. Matokeo mabaya kabisa yalipungua asilimia 60. Dawa ni zile zile za siku zote. Kilichobadilika ni kupima na kuwahi.

Mimi nilianza kazi tunakadiria kwa macho. Wapo wawili watatu ambao nikiwakumbuka najua niliona pungufu.

Mti Mkavu

@Zamu ya Usiku hapo mwisho umeandika kwa uzito. Mungu akutie nguvu dada.

Salma_wa_Kilwa

Mimi tatizo langu kinyume. Damu iliganda mguuni mimba ya kwanza, sasa hivi nina ya pili najichoma sindano za kuzuia damu isigande kila siku. Nikisoma uzi huu naogopa nitamwaga. Niziache?

Zamu ya Usiku

USIZIACHE mwenyewe. Kule kupanda kwa protini za kugandisha wakati wa mimba tulikosema hapo juu ndo huko huko kunakokugandishia wewe damu mguuni, na hatari yake inaendelea mpaka wiki sita baada ya kujifungua. Anayekuandikia atapanga lini uruke dozi kabla ya kujifungua na lini urudi. Ukisikia uchungu umeanza usichome nyingine, nenda, na neno la kwanza mlangoni liwe najichoma sindano hizi, mara ya mwisho saa fulani. Na baada ya kujifungua mguu mmoja ukivimba ukauma, au kifua kikabana ghafla, rudi siku hiyo hiyo.

Mjukuu wa Mkulima

Swali la huku vijijini. Kituo cha afya kiko km 20, damu hakina. Mtu afanyeje?

DadaMkubwa

@Mjukuu wa Mkulima kwa Tanzania kuna namba 115, ni bure, ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wazazi, wanatafuta gari la wagonjwa na kama halipo wanaita dereva waliyemsajili jirani na wewe wanamlipa wao. Sisi 2019 tulikuwa na bajaji na mia mbili mia mbili za majirani. Iandike namba ukutani mimba ikiwa changa. Halafu kama una historia ya damu kama yetu usipange kujifungulia kituo ambacho hakina damu, jisogeze kwa ndugu wa mjini wiki mbili tatu kabla. Mdogo wangu uzazi wa pili alihamia kwangu wiki ya 36. Kadi yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu kabisa. Mpango ulikuwa umeandikwa: sindano ya kukaza kizazi mara tu mtoto akitoka, traneksamiki kwenye mshipa, halafu vidonge wiki mbili nyumbani, diklofenaki na aspirini asipewe kwa maumivu maana zinazuia damu kuganda, apewe panado. Damu ya kundi lake ilikuwa imetengwa. Haikutumika.

Na damu yenyewe haishuki kutoka mbinguni. Mwanaume unaruhusiwa kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Chupa tatu alizowekewa mdogo wangu zilitolewa na watu ambao hatutawajua.

Mama Kijacho

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Nina wiki 31, uzao wa kwanza. Siku zangu tangu zamani siku tisa, pedi za usiku mchana kutwa, niliwahi kuzimia shuleni. Mwaka juzi nilitolewa jino la mwisho huku nyuma ikabidi nirudi kushonwa kwa sababu damu ilikataa. Mama anasema ni kawaida ya kwetu. Hilo neno "kawaida ya kwetu" limenifanya niandike. Niende nikasemeje? Nesi wa kliniki yetu mkali.

DadaMkubwa

Mdogo wangu, chukua karatasi uandike kabla ya kwenda maana ukifika pale utasahau. Andika siku zako zinakaa siku ngapi, unabadilisha pedi kila baada ya muda gani, usiku unaamka? Andika la jino na kwamba ulirudi kushonwa, na mwaka. Fizi, damu ya puani, kuvilia. Mama yako na mama zako wakubwa walijifungua vipi, kuna aliyeongezewa damu, kuna aliyefariki. HB yako ya mwisho. Mpe ile karatasi asome, usihangaike kujieleza. Sema naomba nionwe na daktari kuhusu damu yangu kuganda. Akikataa rudi hapa tutakuelekeza pa kwenda.

Zamu ya Usiku

Na vidonge vyako vya kuongeza damu meza kila siku, usimezee chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie. Ukianza leba na HB nzuri una akiba. Aliyeanza na 7 akipoteza nusu lita siyo sawa na aliyeanza na 12.

Mama Kijacho

Asanteni sana. Nina kliniki Jumanne.

Mti Mkavu

Nipo hapa nasubiri Jumanne.

Mama Kijacho

Nimetoka kliniki sasa hivi, naandikia kwenye daladala. Nesi alisoma karatasi yote amesimama, akaisoma tena. Akaniuliza nani kakufundisha kuandika hivi. HB yangu 9.2. Kaniandikia kwenye kadi juu kabisa na kanipa rufaa nikaonane na daktari wa damu wiki ijayo, kasema hata kama kipimo kikija kizuri nimwambie daktari na la jino. Nimempigia mama, nimemuuliza uzazi wake ulikuwaje, amekaa kimya muda mrefu halafu akaniambia yeye alikuwa na dada yake mkubwa ambaye sijawahi kumsikia. Alifariki wiki mbili baada ya kujifungua. Mama anakuja Jumamosi kukaa na mimi.